Mshika Kamba Hajibu Salamu

Siku Mwahija alipozamia lile tishari la Nkome, nusu ya mtaa wetu wa Nyankumbu ilikuwa ziwani. Nani angebaki Geita mjini? Mimi nilibeba chapati arobaini na chupa mbili za chai, maana shughuli ya watu haitazamwi na njaa.

Mwahija ni binti wa Akida, yule aliyeshika kamba kwenye maduara ya dhahabu miaka ishirini, akishusha wenzake shimoni na kuwapandisha. Binti akaenda Tanga kusomea uzamiaji, akarudi na mtungi wa hewa mgongoni. Midomo ikafunguka: "Baba kashusha watu ardhini, mtoto anajishusha majini!" Ikafunguka zaidi alipowashawishi wavuvi wazamishe tishari bovu, chombo cha chuma cha kubebea mizigo, liwe nyumba ya samaki, na nyavu zisitupwe pale. Mwaka ukapita. Mzee Mageni, mwenyekiti wa wavuvi, akatamka mbele za watu: leo aonyeshwe samaki, la sivyo tishari ling'olewe, liuzwe chuma chakavu.

Maji ya pale ni ya kijani mazito, mkono wako mwenyewe huuoni. Kwa hiyo Mwahija alijifunga kamba kiunoni, ncha ya pili akampa baba yake, akatundika kamera yenye tochi shingoni, akajitupa. Akida akakaa ukingoni mwa mtumbwi wetu, macho kwenye kamba. Hata chapati alikataa.

Mara mtumbwi wa Mzee Mageni ukafika, ukagusana na wetu.

"Mwangaluka, Baba Mwahija!" akasalimu kwa Kisukuma.

Akida kimya.

"Mwangaluka!" Mzee akanyoosha na mkono. Mkono ukabaki hewani.

Nikamkanyaga Akida mguu. "We, unasalimiwa!" Huku kwetu hata mchawi wako unamwitikia, sembuse mwenyekiti! Hakugeuza hata shingo.

Mzee Mageni akaurudisha mkono taratibu. "Kumbe kusomesha binti kunaziba masikio. Sina la kutazama hapa. Washa mashine, tunarudi. Kesho tishari linang'olewa."

Nikaukamata mtumbwi wake kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikamsogezea kikombe. "Mwenyekiti, utaniacha na chai yangu? Ina tangawizi." Akanikazia macho. Akaipokea. Nami nikammiminia taratibu kuliko mwendo wa bibi harusi, ili asiondoke.

Hakuwa amemaliza nusu ya kikombe, kamba ikatikisika mara mbili, ishara ya kupandishwa. Akida akaanza kuikusanya, pima kwa pima, bila haraka. Muda ule mimi nilizeeka. Hatimaye kichwa cha Mwahija kikaibuka. Aliposhika mtumbwi kwa mikono yote miwili, ndipo baba yake akaiweka kamba chini.

Akavuka kwenda kwa Mzee Mageni, akainama, akatoa mikono miwili.

"Mwangaluka, Mwenyekiti. Nisamehe. Duarani mshika kamba hajibu salamu. Niliwahi kujibu moja tu, nikageuza shingo. Benjamini, niliyekuwa nimemshusha, anatembelea magongo mpaka leo."

Mzee akaipokea mikono ile. Mwahija, maji yakimchuruzika, akamwekea kamera magotini. "Shikamoo, babu. Tazama."

Sote tukabanana, mtumbwi ukainama tukapigiana kelele. Kwenye mwanga wa tochi, ndani ya tumbo la tishari, sato alikuwa amezungukwa na vitoto kama punje za ulezi. Mwanga ulipowatisha, akafungua mdomo, vyote vikaingia ndani, akafunga. Nyuma yake mwingine. Na mwingine.

"Anawaficha wanawe," Mzee Mageni akanong'ona. Akarudia kuitazama mara tatu. Kisha akainua kichwa. "Hiki chuma hakitoki hapa mimi nikiwa hai. Na hizi picha zitafika kila mwalo wa wavuvi."

Nilipiga kigelegele mpaka ng'ambo wakasikia. Akida alikuwa anajifuta uso kwa kofia yake, eti jasho.

"Nirudi upande wa nyuma," Mwahija akasema, "kuna wengine."

Mzee Mageni akavuka kuja kwetu, akakunja mikono ya shati, akaomba kamba. Akida akamtazama, akamtazama binti. Binti akatikisa kichwa kukubali. Akida akampa mzee, akamwonyesha namna ya kuizungusha kiganjani.

Mwahija alipozama tu, nikamjaribu mzee. "Mwenyekiti, nikuongeze chai?"

Kimya.

"Mwenyekiti, shikamoo!"

Hakugeuka.

Akida akachukua chapati yake ya kwanza siku ile, akatafuna.