Kura ya Mama

Nesi alipoteremka jukwaani pale sokoni alijua ameshinda. Wauza vitunguu walikuwa wameacha mizani yao bila mlinzi ili waje kumpigia makofi, na muuza vitunguu haachi mizani yake kwa ajili ya mtu hivi hivi. Uuguzi alishaacha ili agombee udiwani, lakini jina la Nesi lilimganda, naye hakuwa na haraka ya kulibandua. Nusu ya kata ile alishawahi kuichoma sindano.

"Sasa stendi, kisha kiwandani, kisha tunafungia kazi uwanjani," alisema shemeji yake akimfungulia mlango wa gari. Huyu mdogo wa mumewe ndiye aliyekuwa meneja wa kampeni, mtu wa kelele nyingi na usingizi kidogo. "Leo Muuza Mbao atajuta kuchukua fomu!"

Muuza Mbao ndiye mpinzani wao. Hakuwa na jukwaa wala muziki. Alizunguka kwa miguu, nyumba hadi nyumba, kama mtu aliyepotelewa na kuku, na timu nzima ya Nesi ilikuwa imemcheka mpaka mbavu zikauma.

Pale stendi, Nesi alipeana mikono na makondakta hadi kiganja kikawaka moto. Kiwandani alipanda juu ya kreti la soda, akaahidi kivuko cha miguu mbele ya geti, na wafanyakazi wakamshangilia hadi msimamizi akatoka kuchungulia. Sauti ilianza kukwaruza, lakini roho ilikuwa kwatu.

Kwenda uwanjani walikatiza mtaa alikozaliwa. Nesi alishusha kioo apunge mkono, na hapo akaliona: bango la Muuza Mbao, limebandikwa kwenye geti la mama yake.

"Simamisha gari," alimwambia dereva.

"Utundu wa watoto tu huo," shemeji alisema. "Huku ni kwetu, shemeji. Ndiyo maana tuliuruka mtaa huu. Nani anapiga kampeni chumbani kwake?"

Nesi alikuwa ameshashuka. Mama yake alikuwa barazani akikunja nguo zilizokauka.

"Shikamoo mama. Nani kabandika lile bango?"

"Marahaba. Nimebandika mimi. Yule kijana wa mbao alipiga hodi, akaketi, akaniuliza maji yanatoka siku gani. Kisha akaniomba kura, nikamwahidi."

"Mama! Mimi si mwanao?"

"Ni mwanangu. Umeniomba lini?"

Nesi alishaomba kura kwa madereva, kwa walevi, hata kwa mke wa Muuza Mbao kwa utani. Hapa hakuwahi kugonga hata mlango mmoja.

"Amepita mtaa mzima," mama aliendelea, akinyoosha kola ya shati. "Sisi tulikuwa tunakungoja wewe. Majirani wakaniuliza, mwanao ametudharau?"

Aibu ilimpanda Nesi hadi masikioni. Barabarani shemeji alipiga honi, kisha akapaza sauti kwamba uwanja umefurika na watu wanamwita.

"Waongezee muziki!" Nesi alimjibu. "Na hilo gari lizime."

Akaketi kwenye kidato cha chini cha baraza, miguuni pa mama yake.

"Mama, naomba kura yako."

"Umechelewa. Nimeshaahidi, na mimi sigeuzi maneno."

"Imeniuma, mama."

"Najua. Hata mimi iliniuma."

Mama alisogeza kando rundo la nguo, akavaa kandambili na kujitupia mtandio begani. Alipofika getini aligeuka, akamkuta bintiye bado ameketi.

"Inuka basi, unangoja nini? Mama yako mdogo hapo ng'ambo alimjibu yule kijana kwamba atafikiria. Tuanzie kwake. Hodi nitapiga mimi, kuomba utaomba mwenyewe."