Majani ya Mpaka wa Zamani

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, Oktavia alivunja barafu kwenye beseni la kunyweshea ng'ombe kwa mpini wa jembe, akaweka mabua ya mahindi, akachuchumaa kukamua. Mabua hayana kitu. Ng'ombe huyatafuna mradi mdomo usikae bure. Lakini majani ya tembo ya kijiji kizima yalikuwa yameungua. Ni majani ya joto yale. Jalidi ya Njombe, ule umande wa barafu, ikishuka, majani hayo hulala mpaka mvua za kwanza.

Yaliyobaki mabichi yalikuwa ya kipande kimoja, alichokipanda yeye na marehemu mumewe, Laurenti. Laurenti alipozikwa, mdogo wake, Romanus, aling'oa masale, mimea inayowekwa kuonyesha mpaka, akayapanda upya karibu na ukuta wa jiko la Oktavia. Kipande kile kikawa upande wake. Sasa jalidi ilikuwa imeunguza shamba la Romanus mpaka pale masale yalipokuwa zamani, ikakomea hapo. Ndani ya mpaka wa zamani majani yalikuwa laini, yamenawiri kama ya masika. Waliokwenda misa waliuona mstari ule, wakasalimia, wakapita.

Romanus aliyakata akalisha ng'ombe wake. Walikula kutwa, na mbavu zikazidi kuwatoka. Aliyenenepa ni ng'ombe wa Oktavia, bandani kwake, mbele ya mabua yake. Wale wakila, huyu anacheua. Maziwa yakajaza ndoo, ikabidi Oktavia aazime nyingine.

Oktavia alikamua tu. Tangu mazishi, mikono yake ilifanya kazi na yeye mwenyewe alikuwa kama anaitazama kutoka mbali.

Haukupita muda, Romanus alikuja na mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Tarsis.

“Kamwene, shemeji,” Romanus alisalimia.

“Kamwene.”

Mwenyekiti alikwenda kuangalia mstari. Aliufuata mpaka mwisho, akarudi na umande kwenye suruali.

“Hapa ndipo yalipokuwa masale,” alisema.

“Ndipo,” Romanus alijibu. “Kaka aliyapanda mwenyewe. Mimi nilimshikia kamba.”

Oktavia akasubiri.

“Na majani haya anakata nani?” mwenyekiti aliuliza.

“Mimi.”

“Basi maziwa yanatokana na majani yako.” Mwenyekiti alimgeukia Oktavia. “Mama, nyie ni ukoo mmoja, msigombane. Ya asubuhi mpe shemeji yako, ya jioni baki nayo.”

“Na shamba?” Oktavia aliuliza.

“La shamba tulishalizungumza.”

“Lini?”

“Msibani.”

“Msibani nilikuwa ndani, kwenye mkeka.”

“Ndiyo,” mwenyekiti alisema, akifunga vifungo vya koti. “Hatukutaka kukusumbua.”

Oktavia aliwakaribisha chai. Walikunywa, wakasifu maziwa.

Tangu siku hiyo maziwa ya asubuhi huenda kuuzwa mjini Makambako kwenye pikipiki ya Romanus. Mvua ziliporudi, alichukua vipandikizi kutoka kipande kile akavipanda shamba zima, na vyote vikashika. Ng'ombe wake wakaendelea kula na kukonda. Wa Oktavia akaendelea kushiba, chuchu zikawa zinadondosha maziwa kabla hajaguswa.

Romanus alileta keni ya maziwa kubwa zaidi.

“Hii ikijaa, niite, shemeji,” alisema.

Oktavia aliisuuza kwa maji ya moto, akaikung'uta, akaiweka chini ya ng'ombe.