Mlio wa Kopo

Ukimtaja Sekela wa Iyula mbele ya walanguzi wa maharage, wengine watajifanya wana kikohozi. Ndiye aliyemnyang'anya mlanguzi mmoja sado yake, kopo la plastiki la kupimia, katikati ya soko la Mlowo, akaiinua juu, akawaonyesha watu jinsi ilivyotiwa maji ya moto ikatanuliwa ili imeze maharage ya wakulima, kisha akaikanyaga mpaka ikapasuka. "Kipimo hakichezewi," alisema, na tangu siku hiyo akina mama wakawa hawauzi mpaka Sekela aitwe asimamie. Mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyekuja kumdanganya mume wake kwa kipimo, na alimdanganya vizuri.

Mume wake, Yonathani, alikulia Zambia kwenye migodi ya shaba, ambako baba yake alikwenda kutafuta maisha. Ujana wake wote aliwabebea watu mifuko ya fimbo za gofu, na wenye mifuko wakishaondoka, wabebaji walibaki kucheza wao. Gofu yenyewe haikuwa hii ya majani mabichi ya kwenye televisheni. Mahali penye shimo, wanapopaita grini, palikuwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ukashindiliwa mpaka ukalainika. Wenzake walijua kupiga mbali. Yonathani alijua kumaliza: kuusukuma mpira taratibu kwa fimbo fupi mpaka udumbukie shimoni. Alirudi Iyula kulima kahawa, akiwa na ile fimbo fupi na vipira vichache, akavichomeka darini na kuvisahau.

Kisha kiharusi kikamkuta kwenye mibuni, kapu la kahawa kiunoni. Mguu ulirudi kwa kuburura, maneno yakarudi karibu yote, mkono wa kulia ukarudi nusu na jicho la upande huo nusu. Aliyekataa kurudi ni Yonathani mwenyewe. Alilala akiutazama ukuta kutwa nzima. Mganga wa zahanati alisema mkono upewe kazi na moyo upewe sababu, lakini hakusema sababu hiyo inauzwa duka gani. Sekela alimpa maharage achambue, akayamwaga. Siku moja alimkuta machozi yanamtiririka mpaka sikioni, na alipoinama kumfuta, akamwambia, "Mama Gwantwa, usinihangaikie. Niache niende."

Sekela alitoka nje akalia hadi kuku wakakimbia. Alikuwa anampenda mtu yule, basi, hakuna namna nyingine ya kulisema. Aliposhusha pumzi akakumbuka ile fimbo.

Gwantwa, binti yao aliyeolewa Tunduma, alimletea madumu ya oili chafu kutoka gereji ya mume wake, ile inayomwagwa na malori yakingoja kuvuka mpaka. Sekela akaenda mtoni kuchota mchanga, akauchanganya na oili kwenye uwanja wa kuanikia mahindi, akaushindilia kwa kinu kilichopinduliwa. Majirani walisema ugonjwa wa mume umemhamia kichwani. Harufu ya oili ikaingia ndani hadi kitandani, na Yonathani akageuza shingo. "Nani anapika grini?" aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza swali tangu augue.

Kopo la kuwa shimo alilichagua Yonathani mwenyewe, la maziwa ya unga. Alilipima kwa ngumi yake ya kushoto, akasema hilo ndilo, shimo la kweli liko hivyo duniani kote, halizidi wala halipungui. Sekela akalifukia mdomo ukawa sawa na mchanga.

Yonathani akawa mwalimu. "Mabega ndiyo yanasukuma," alimwambia mke wake. "Viganja vinashika tu, kama umeshika kifaranga. Na kichwa chini! Mpira ukiondoka usiufuate kwa macho, ukiufuata mwili unageuka nao. Baki unatazama pale ulipokuwa, usubiri usikie kopo." Wakapanga magunzi kuanzia karibu na shimo kwenda mbali. Ukiingiza kwenye gunzi la kwanza unarudi nyuma hadi la pili; ukikosa, unaanza upya. Aliyeshindwa aliimba ubeti wa wimbo wa kanisani, na Sekela, ambaye kwaya ya Moravian ilimwomba kwa adabu asiimbe, aliimba sana.

Tatizo ni kwamba Yonathani naye alikosa, tena kila siku. Mkono ulishtuka kabla ya kugusa mpira, mpira ukapita pembeni. Alikuwa anasimama pale kichwa chini, anasubiri sauti isiyokuja, na Sekela akaanza kuuona uso ule wa ukutani ukirudi kidogo kidogo. Asubuhi moja akasema leo amechoka. Kesho yake akasema hivyo hivyo.

Hapo ndipo Sekela, mvunja sado wa Mlowo, alipong'oa kopo la maziwa mumewe akiwa amelala, akafukia kopo la mafuta ya kupikia lililo pana zaidi. Akaweka kipande cha bati chini yake ili mlio usibadilike. Akalainisha mchanga, akanawa mikono, akaenda kumwamsha.

Mpira wa tatu uliliza kopo. Yonathani hakuinua kichwa mara moja. Alibaki ameinama, mabega yanatetemeka, na Sekela akadhani analia, kumbe anacheka.

Miezi ilipita ya raha, na nasema raha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Aliamka kabla ya mke wake, akafagia grini kwa mkono mgonjwa. Alirudi gunzi la tatu, la nne. Alikula. Alimtania Sekela kwamba anasimama kama mtu anayetwanga, na kweli Sekela alisimama hivyo mpaka akarekebishwa. Mvua zilipokwisha na mkono ukaanza kukosa tena kwenye magunzi ya mbali, Sekela akafukia kopo la rangi. Lilikuwa pana hata yeye likamtia aibu. Lakini mumewe alicheza kichwa chini kama alivyofundisha, alilisikia shimo zaidi kuliko alivyoliona, na jicho lake la kulia halikumwambia kitu. Isitoshe, aliyelifukia alikuwa Sekela. Nani angekwenda kukagua kipimo cha Sekela?

Kisha Watson akapiga simu. Watson alibeba mifuko pamoja na Yonathani enzi za migodini, sasa ni mzee mwenye gari dogo, anaishi Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wazee wachache waliobaki walikuwa wamefufua kiwanja cha zamani huko kwao, grini za mchanga vilevile, na Jumamosi wangecheza.

"Watu wanasema umekwisha, ba Yonathani," Watson alisema, sauti yake imejaa simu nzima.

"Awe!" Yonathani alikataa kwa Kibemba cha ujana wake. "Njoo unichukue uone nani kaisha."

Sekela alikuwa na siku nne za kusema ukweli. Siku ya kwanza mumewe alinyoa ndevu mwenyewe. Ya pili alitaka suruali ipigwe pasi. Ya tatu alisema, wakinywa chai, "Unajua ningekuwa nimeshakufa? Si kwa ugonjwa. Kwa kutaka tu." Sekela akamwongezea chai. Alijaribu kujipa moyo: labda mkono umepona kweli. Labda kopo dogo sasa lingetosha.

Jumamosi asubuhi, Yonathani akiwa anaoga, aliogopa jambo jipya. Watson angefika, angeona kopo la rangi limekaa mchangani kama kisima, angecheka, na mumewe angeaibika mbele ya rafiki yake. Akaling'oa haraka, akarudisha lile la maziwa, akashindilia mchanga kwa kisigino.

Watson alifika akaipenda grini. "Ba mayo, mama, hii ni yenyewe!" alimwambia Sekela, akachukua fimbo, akaweka mpira kwenye gunzi la pili, akaingiza. Sekela alipumua. Yonathani alikataa kupiga. Alisema mkono anauweka akiba kwa ajili ya mchezo wenyewe.

Ng'ambo kulikuwa na wazee watano na kofia zao. Walikubaliana Watson ampigie Yonathani ile mipira ya mbali, yeye amalizie tu. Sekela alisimama kando ya gari, kanga ameishika mdomoni.

Kwenye shimo la kwanza mpira ulikuwa karibu, gunzi la kwanza kabisa kwa hesabu za Iyula. Yonathani alijipanga, mabega, kifaranga, kichwa chini. Akasukuma. Mpira ulipita ukingo wa shimo, karibu na pale ambapo nyumbani kopo la rangi lingeumeza. Yeye hakuona. Alibaki ameinama anasubiri mlio, na wazee wote wakasubiri naye, mpaka Watson akamgusa bega.

"Karibu sana, ba Yonathani. Kidogo tu."

Shimo la pili likawa hivyo hivyo. La tatu. Kila mara aliinama akisubiri, na kila mara aliguswa bega. Mwanzoni wazee walimtania, halafu wakaacha, na waliponyamaza Sekela akajua mambo yameharibika. Hakuingiza hata mpira mmoja siku ile. Mwishoni Watson alivua kofia, akajifanya anajifuta jasho.

Ndani ya gari, wakirudi kupitia foleni ya malori ya Tunduma, Yonathani aliongea mara moja tu. "Shimo nimeliona dogo," alisema. "Leo dogo kabisa. Jicho nalo linakwenda." Sekela alitaka kusema pale pale. Lakini Watson alikuwa kwenye usukani, na kumvua mtu nguo mbele ya rafiki yake ni ukatili. Akasema moyoni, tukifika nyumbani.

Jua lilikuwa bado juu walipofika. Watson alipoondoka tu, Yonathani hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye grini yake, akaweka mpira kwenye gunzi la kwanza, ambalo kwa miezi mingi hakuwahi kulikosa. Sekela alikimbia huku akimwita. Alikuwa amesahau kopo. Kwa hofu za siku ile, alikuwa amesahau kabisa ni kopo gani lililo mchangani.

Mpira ulipita pembeni. Akapiga wa pili, ukapita pembeni. Wa tatu akaupiga kwa hasira ukaenda hadi kwenye mibuni.

"Hata hapa," alisema. "Hata hapa nyumbani." Alikaa chini kwenye mchanga wenye oili, na suruali yake ya pasi. "Kiharusi kimerudi, Mama Gwantwa. Kimenipata tena usingizini bila sisi kujua. Jana niliweza."

"Hakijarudi!" Sekela alipiga magoti mbele yake. "Baba Gwantwa, nisikilize. Ni kopo. Nilikuwa nimeweka kopo kubwa, tangu ule wakati ulipokata tamaa. Kwanza la mafuta, halafu la rangi. Leo asubuhi ndipo nimerudisha la maziwa. Mkono wako haujaharibika. Uko vile vile."

Yonathani alimtazama kwa lile jicho zima. Kisha akatabasamu, tabasamu la upole ambalo Sekela hajawahi kulisahau.

"Wewe?" alisema. "Wewe uliyemvunjia mtu sado sokoni?"

"Mimi."

"Wewe uchezee kipimo?"

Sekela akaenda mbio ghalani, akarudi na kopo la rangi, mchanga mweusi bado umeling'ang'ania. Akaliweka mapajani mwa mumewe. Yonathani aliligeuza, akaligonga kwa kidole, akamrudishia.

"Hili ni kopo la rangi," alisema. "Rangi ya dirisha."

"Mungu wangu anaona! Nilikudanganya!"

"Unanidanganya sasa." Alimshika mkono kwa mkono wake mgonjwa, vidole viwili ndivyo vilivyofunga. "Sikulaumu. Hata mimi ningekufanyia hivyo. Lakini usijitie kwenye dhambi kwa ajili yangu, ukajiita mwizi wa vipimo, eti mimi nifarijike. Asante, mke wangu. Inatosha."

Sekela aliapa kwa Biblia, akaapa kwa mwanawe, akamsihi apige mpira mmoja tu kwenye kopo la rangi, mumewe akakataa. Alipiga simu Tunduma, na Gwantwa, ambaye hakujua lolote la makopo, alisema, "Mama, baba amezidiwa?" Kadiri alivyoapa ndivyo mumewe alivyozidi kumwonea huruma. Mwishowe alimwomba amsaidie kuinuka, na amrudishie fimbo darini.

Hakutoka tena. Siku zikapita, chai ikapoa kando ya kitanda, mganga akaja akasema hakuna kiharusi kipya, na Yonathani akamjibu kwa adabu kwamba mke wake kamtuma aseme hivyo.

Asubuhi moja Sekela alishusha fimbo mwenyewe. Alisimama nje, dirisha la chumba likiwa wazi, akaweka mpira kwenye gunzi la nne. Alitaka tu mumewe asikie fimbo ikigusa mpira, labda roho itamvuta. Mabega, alijiambia. Kifaranga. Kichwa chini. Mpira ukaondoka, naye akabaki anatazama pale ulipokuwa.

Kopo likalia. Lile la maziwa, la kweli, na yeye hajawahi kuingiza kutoka mbali vile maishani mwake.

Hakuinua kichwa. Alisubiri kusikia kitu kingine, kikohozi, swali, hata tusi. Ndani kitanda kikalia mara moja, Yonathani akijigeuza kuelekea ukutani.