Sauti Niliyoifungia

Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za wachezaji wanaotukana wenzao kwenye mchezo wa mtandaoni, kisha kuwafungia. Jumatatu nilimsikia mwanamke akimwambia binti aliyekosa shabaha akajinyonge. Sauti ilikuwa ya dada yangu mkubwa, anayemuuguza mama aliyepooza, mtulivu kama maji ya mtungi. Nilimfungia, sheria ni msumeno.

Nyumbani nilimkuta ameshika simu.

"Wamenifungia, mdogo wangu. Pale tu ndipo nilipokuwa napumulia."

"Na yule binti je?"

Alinitazama, akaelewa kuwa ni mimi niliyemfungia. Alichukua bakuli la supu, akaingia chumbani kwa mama.

"Meza," nilimsikia akifoka. "Meza, au ufe tupumzike."

Niliingia nikampokea kijiko. Mama alikuwa analia.