Mlango wa Selotepu

Nina miaka hamsini na miwili, na thelathini kati ya hiyo nimeimaliza nikitengeneza milango. Mara ya kwanza nilifika chuo cha jamii kurekebisha dirisha la ukumbi. Kusoma hakukuwa akilini kabisa. Nikiwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, nikamwona msichana mmoja mle ndani akifungua mlango. Mlango wenyewe haukuwepo. Sakafuni kulikuwa na mistari ya selotepu nyeupe, basi. Lakini alivyokunja kiganja na kusogeza bega, nikajua kitasa kiko kimo gani na bawaba ziko upande gani. Zilikuwa kushoto. Nilishuka nimekasirika, maana nikiona kazi nisiyojua imefanywaje, silali vizuri.

Wiki ileile nikajiandikisha sanaa za maonyesho.

"Yaani wewe, baba watoto," akasema mke wangu, "kabati la jikoni linaning'inia tangu mwaka jana, halafu unaenda kusomea kuigiza?"

"Kuna kitu nataka kukijua."

"Anza kulijua kabati."

Binti yetu alicheka mpaka akajishika mbavu.

Siku ya kwanza darasani nilimuuliza mwalimu swali langu: niliziona vipi bawaba ambazo hazipo? Mwalimu ni mama mfupi, mkali, anayetembea peku ukumbini na asiyependa maneno mengi. "Ukipata jibu, na mimi uniambie," akasema. Nilidhani ananikejeli.

Wanafunzi wenzangu walikuwa wa umri wa binti yangu. Waliniita Fundi, na balaa lilianzia hapo. Kiti kimelegea? Fundi! Mbao za jukwaa zinalia? Fundi! Wao wakijifunza kulia machozi, mimi niko chini ya jukwaa napigilia misumari. Muhula ulipofika katikati, mwalimu akaniita pembeni.

"Nikuambie ukweli, Fundi. Mikono yako haina mfano. Lakini ukipanda jukwaani unatembea kama mtu aliyekuja kupima chumba. Mwaka wa pili nataka nikuhamishie ufundi wa jukwaa."

"Nilikuja kuigiza, Mwalimu."

"Basi nionyeshe siku ya mtihani. Usiponionyesha, unahama."

Ufundi ninao tangu ujana wangu. Nilichokuja kutafuta ni kile alichokuwa nacho yule msichana wa selotepu, na nikihamishwa nitakufa sijakipata. Iliniuma sana.

Mtihani ulikuwa mchezo mfupi. Baba aliyeitelekeza familia yake miaka kumi na mmoja anarudi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Anafungua mlango, anamkuta mwanawe amekaa, anamwambia, "Nimerudi." Baba ni mimi. Mwana ni Kinyozi, kijana ambaye asubuhi hunyoa watu na mchana husoma nasi. Mwalimu alitubandikia selotepu ya mlango, na robo duara upande wa nje kuonyesha unakofungukia, ili baba auvute mlango kuja kwake, arudi hatua moja nyuma kwa woga, ndipo aingie. Kwa wiki sita niliuvuta mlango ule wa hewa hadi ndotoni.

Kwa kuwa siku ya mtihani wageni wangekuja, wenzangu wakasema mlango sasa uwe wa kweli. Nani atautengeneza? Si wanamjua? Nikaupiga randa karakanani kwangu, nikaufunga jukwaani asubuhi ya mtihani pamoja na fremu yake. Nikausukuma, ukafunguka bila hata kulia. Kinyozi akapiga mluzi. Nilijisikia mtu.

Alasiri ukumbi ulijaa. Mke wangu na binti yetu walikaa mstari wa pili. Nikatembea hadi mlangoni, nikashika kitasa, nikavuta.

Haukufunguka.

Nikavuta tena. Fremu nzima ikatikisika, na mtu fulani nyuma akacheka. Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Mlango wa nyumba hufungukia ndani. Ndivyo nilivyofundishwa kazi, na mikono yangu ilifunga bawaba bila kuniuliza. Asubuhi fundi aliusukuma. Alasiri mwigizaji akauvuta.

Nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kuusukuma, lakini nikaona haya: mtu gani hajui mlango wa nyumba aliyoijenga unafunguka upande gani? Kisha nikamfikiria yule baba. Miaka kumi na mmoja. Huyo huenda kweli hajui tena. Nikaachia kitasa, nikagonga hodi.

Kugonga hakukuwemo mchezoni. Kinyozi, ambaye alitakiwa kukaa tu, aliendelea kukaa. Nikagonga tena, taratibu. Nyumba nimeijenga mimi, na naipigia hodi kama mgeni! Kinyozi akainuka, akaufungua mlango kwa ndani, akanitazama. Ile "Nimerudi" haikutoka. Akasogea pembeni kunipisha, nikapita. Mle ukumbini hakuna aliyekohoa.

Watu walipotoka, mfagiaji akapanda jukwaani na ndoo yake. Mwalimu alikuja na daftari.

"Ile hodi mliipanga lini?"

Kinyozi alinikonyeza. Nilijua nikisema tuliipanga, nimepita. Lakini nisingelala vizuri.

"Hatukuipanga. Nilikosea kufunga bawaba."

Mwalimu hakucheka. "Basi inawezekana ilikuwa bahati. Utoeni huo mlango. Rudia, nione."

Tukaubeba mlango na fremu yake, tukauegemeza ukutani. Ilibaki selotepu. Mfagiaji alisimama upande wa ndani na ndoo yake, akingoja tumalize.

Nikashika kitasa ambacho hakipo. Nikavuta, mlango ukagoma. Nikavuta tena. Nikaachia. Nikagonga hewa, mara tatu, bila sauti yoyote, nikangoja. Niliogopa kweli. Kinyozi akainuka, akashika kitasa kwa upande wake, akaanza kufungua.

Mwalimu hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mfagiaji, ambaye alikuwa ameivuta ndoo yake kando.

"Mama," mwalimu akamwita, "mbona umesogeza ndoo?"

Mfagiaji akamshangaa. "Si ingegongwa na mlango?"

Mwalimu akanigeukia. Kisha akafungua daftari, na penye jina langu akakata maneno "ufundi wa jukwaa."