Mvuke Wenye Kidole Gumba

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza atakwambia chumbani walikuwa watu watatu: mmoja alikuwa na akili, mmoja alikuwa na cheo, na wa tatu alikuwa na mdomo. Mdomo ndio ulikuwa wake.

Kazini walimwita Ulimi. Kampuni ya chai ilimlipa aonje, na wenzake wangemlipa zaidi kama angenyamaza. Asubuhi ya shindano aliingia chumba cha kuonjea akiwa hajapaka mafuta yenye harufu, hajatumia dawa ya meno, na hajagusa kitunguu tangu juzi, kama kazi inavyotaka. Mwonjaji wa chai ni mtu anayejinyima harufu zote za dunia ili kampuni ipate kuuza moja.

Vikombe vilishapangwa juu ya meza ndefu ya vigae vyeupe, kila kimoja na kifuniko chake, na mbele ya kila kikombe bakuli la kumiminia. Majani yalikuwa yamepimwa kwenye mizani ndogo, uzito mmoja. Maji yalichemshwa mara moja tu, kwa sababu maji yaliyorudiwa huwa yamechoka na chai yake hununa. Pembeni kulikuwa na ndoo ya bati ya kutemea. Hapo ndipo wageni huona watu hawa hawana adabu: mwonjaji huchota kwa kijiko, huvuta chai kwa kishindo kama bomba lililoziba, huizungusha mdomoni, halafu pwaa, huitema. Hamezi. Akimeza kila kikombe, kabla ya chakula cha mchana atakuwa anasalimiana na kuta.

Mwenzake alikuwa mama mmoja mpole aliyeitwa Pua. Yeye hakuonja, alinusa majani makavu kwanza, kisha yaliyolowa. Walifanya kazi pamoja muda mrefu, wakigawana kichwa kimoja.

"Leo nataka jibu moja," alisema meneja, kijana aliyevaa tai hata siku za joto. "Viungo au matunda. Itakayoshinda inaingia dukani. Itakayoshindwa, chumba chake kinafungwa."

Pua alimtazama Ulimi. Ulimi alitazama ndoo. Matunda hayakuwa na chumba. Matunda yalikuja ndani ya pipa la buluu. Mtu mmoja aliyanyunyizia majani kwa bomba, akaenda kupumzika. Chumba cha kufungwa kilikuwa kimoja tu, kile cha chini, ambako kina mama walikaanga, wakatwanga na kuchekecha mdalasini, iliki, karafuu, tangawizi kavu na pilipili manga. Kiongozi wao alikuwa dada yake Ulimi, wa tumbo moja, mkubwa kwake. Ndiye aliyemlea wazazi walipoondoka, ndiye aliyemvuta sikio kila lilipohitaji kuvutwa, na ndiye aliyemshika mkono kumleta kuomba kazi hapo hapo. Mpaka leo Ulimi alikuwa na nyumba yake na sufuria zake, na kila jioni alikula kwa dada. Chumba kikifungwa, dada angerudi nyumbani katika umri ambao hakuna anayekuajiri hata kufukuza kuku. Hayo yote Ulimi aliyajua kabla hajafunua kifuniko cha kwanza.

"Alama nimezibandika chini ya mabakuli," meneja alisema. "Sitaki undugu kwenye chai yangu."

Walianza na upande wa kushoto. Cha kwanza kilinukia embe mpaka kwenye korido. Lile embe lilifika puani mapema kuliko majani, likakaa mbele kama mgeni asiyejua nyumba, kisha mdomoni likaaga na kuacha ladha ya sabuni ya hotelini. Cha pili kilikuwa pasheni: kikali, chenye haraka, kama mtu anayetaka kusema neno kabla hajasahau. Cha tatu kilikuwa ndimu, na hicho Ulimi alikiheshimu kidogo, kwa sababu ndimu hata ikiwa ya uongo huwa inajitahidi. Cha nne, Pua alinusa akasema, kilikuwa matunda ya msituni.

"Msitu gani?" Ulimi aliuliza.

"Wa kwenye pipa," Pua alijibu bila kuinua uso.

Ulimi alivuta, akazungusha, akatema. Mvuke wa vikombe hivyo vyote ulipanda juu, ukakatika, ukaisha.

Kisha Pua alifunua kikombe cha kwanza cha upande wa kulia, na mvuke uliotoka ulikuwa na kidole gumba.

Baada ya gumba vilifuata vidole vingine, kiganja, halafu kifundo. Mkono ulipotimia ulishika ukingo wa kikombe kama mtu anayetoka kisimani, ukajivuta, ukakaa juu ya vigae. Wa pili ulitoka nyuma yake. Vikombe vilivyofuata navyo vilitoa mikono, ya saizi mbalimbali, mmoja wenye alama ya pete iliyovuliwa, mwingine wenye kovu la kuungua. Pua alivua miwani yake isipate ukungu. Meneja aliuliza kama hiyo mikono ina vyeti vya afya, kwa sababu hakuna ruhusa ya kushika vyakula bila cheti.

"Wenyewe wanavyo," Pua alisema. "Wako chini."

"Sasa siri imevuja," meneja alisema kwa uchungu. "Nilihangaika sana na zile alama."

Ilikuwa imevuja kweli. Mikono ya kwanza Ulimi aliijua kuliko alivyojua ya kwake. Kidole cha mwisho cha kushoto kilisimama wima, hakikunjiki, tangu mchi ulipokiangukia. Mikono hiyo ilifuta matone yaliyomwagika juu ya vigae. Iligeuza vishikio vya vikombe vyote vikatazama upande mmoja. Ilimaliza, ikatulia, ikasubiri.

Ulimi alichota, akavuta kwa kishindo, akazungusha, akatema kwenye ndoo.

Kofi lilimfikia kabla hajafuta mdomo. Lilikuwa kofi la mvuke, la moto na majimaji, lakini lilijua njia. Dada yake hakuwahi kuvumilia mtoto anayetema alichopikiwa.

"Kumbe inauma?" Pua aliuliza, kwa faida ya kazi.

"Inalowesha," Ulimi alisema.

Alichota tena. Aliinama kuelekea ndoo, na vidole viwili vya mvuke vikamshika sikio la kulia, pale pale pa zamani, vikalisokota. Ulimi akameza.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumeza chai kazini. Iliki ilitangulia, ikafungua madirisha. Mdalasini ukaingia polepole na kuketi. Tangawizi haikuonekana kabisa mpaka chai ilipofika kooni, hapo ikapanda kutoka nyuma, na pilipili manga ikija nayo kama rafiki yake wa ugomvi. Karafuu ilibaki kwenye jino la mwisho na haikuwa na haraka ya kwenda popote. Majani yenyewe yalisikika chini ya yote, yamebeba. Alimeza kikombe kizima, na hakuna aliyempiga.

Katika hukumu hapakuwa na ubishi. Pua alisema viungo. Ulimi alisema viungo, tena bila undugu, na kama kuna undugu basi ni wa kofi. Meneja alikuna shingo. Matunda yalikuwa rahisi na yalikuwa na rangi nzuri kwenye kopo, lakini alikuwa ameahidi mbele ya watu, na alishatoa kalamu aandike viungo. Kalamu ilikuwa imefunguliwa. Hapo Ulimi alikuwa ameshinda. Alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo na kwenda kula.

Lakini mikono ya dada yake ilikuwa imeanza kuosha vijiko, kuvikausha kwa joto lake yenyewe na kuvipanga kwa urefu. Ulimi alikuwa na furaha, na Ulimi mwenye furaha na watazamaji wawili ni mtu wa hatari.

"Bosi," alisema, "hii ndiyo chai! Haihitaji mhudumu. Inajipakua, inajiosha, na ukizembea inakuzaba kofi. Hii hata kiwandani unaiachia funguo unakwenda zako kulala."

Kalamu ilisimama.

"Inaweza kufungasha?" meneja aliuliza.

"Ifungashe? Hiyo?" Ulimi alicheka. Na hapa ndipo ujinga wenyewe ulipokamilika, kwa sababu hakuishia kusema. Alifungua kabati, akatoa makopo matupu na kijiko cha kupimia, akayasukuma mbele ya mikono kama mganga anayeonyesha dawa sokoni. Mikono ilichota majani ya embe, ikapima, ikajaza, ikagonga kopo mezani yakae sawa, ikafunga kifuniko na kukikaza. Ile yenye kovu ilibandika karatasi. Haikupotea hata chembe.

"Ona! Ona!" Ulimi alisema.

Pua alivaa miwani yake tena. "Ulimi," alisema taratibu, "hebu njoo nje kidogo upunge upepo."

Alikuwa amechelewa. Meneja alikwisha kufunga kalamu.

Chumba cha chini kilifungwa wiki hiyo hiyo, kwa heshima zote. Kila mama alipewa mkono wa kwaheri na kopo la chai ya embe. Magunia ya viungo walivyokwisha kutwanga yalibaki stoo, na humo ndimo kazi ilimotoka. Kila asubuhi kwenye ukumbi wa kufungashia sufuria kubwa zilibandikwa, chai ya viungo ikachemka, mikono ikapanda na kufungasha matunda mpaka jioni. Haikwenda msalani, haikuugua, haikufiwa. Ili magunia yasiishe mapema, viungo vilivyokwisha kuchemshwa vilirudiwa tena na tena. Mikono ikawa myembamba, ukutani ungeweza kusoma tangazo la usalama kupitia kiganja, lakini kasi haikupungua. Watu walizoea. Mlinzi aliitikia ilipompungia.

Ulimi alikwenda kwa meneja kuzungumza.

"Mikono ni ya kina mama," alisema. "Basi walipeni."

"Kampuni inaajiri mtu mzima mzima," meneja alimweleza kwa upole. "Ikianza kuajiri vipande, itaishia wapi? Kesho utaniletea sikio." Halafu alimwomba aonje stroberi.

Nyumbani dada alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jiko. King'ora cha kiwanda kilipolia asubuhi, mikono yake ililegea magotini kama nguo zilizoanikwa, na haikushika kitu tena. Jirani alimfungia vifungo. Binti wa jirani alimlisha. King'ora cha jioni kilipolia, mikono ilirudi imechoka, imevimba vifundo, na chini ya kucha ilinukia embe. Aliiosha kwa majivu, kwa chumvi, kwa maji ya moto. Embe la pipa halitoki.

Ulimi alikaa siku kadhaa bila kwenda kula kwa dada, akajipikia, akaungua. Mwishowe alikwenda. Alimkuta dada pale pale kwenye kiti, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeleta na mdomo?"

"Dada, ule ulikuwa utani."

"Najua. Ndiyo maana nacheka hivi," dada alisema, na uso wake ulikuwa kama mlango wa benki siku ya sikukuu.

"Nilikupigania mimi! Muulize Pua. Nilisema viungo, nikasema wazi wazi."

"Ulisema vizuri. Halafu ukaendelea kusema."

"Sasa ningejuaje? Kwani mimi ndiye niliyewaambia mtoke kwenye vikombe? Mlitoka wenyewe, mkaanza kuosha vijiko. Nani aliwatuma kuosha vijiko?"

"Vilikuwa vichafu," dada alisema.

Hapo Ulimi hakuwa na la kujibu, kwa hiyo alijibu. "Halafu tazama upande mzuri. Watu wengine wakiachishwa, wanaachishwa wazima wazima. Wewe umeachishwa nusu! Nakuona kila siku pale ukumbini, unafanya kazi safi kabisa. Leo asubuhi nimepita, ukanirekebisha kola."

"Ilikuwa imekunjika."

"Unaona? Bado tuko pamoja kazini. Hasira za nini?"

Nje jua lilikuwa linashuka. Saa ya kutoka ilikwisha kupita, ila king'ora kilikuwa bado. Wiki hiyo matunda ya msituni yalitakiwa sana, na meneja alikuwa ameongeza muda. Ulimi alitazama jiko lililopoa, birika lililofunikwa, kopo la iliki juu ya rafu. Koo lilikuwa limemkauka kwa maneno. Akaona ni vyema ayamalize kama walivyozoea kuyamaliza tangu utoto.

"Basi, dada yangu, tuyaache," alisema. "Nimekosa mimi. Nipikie chai, ile yako, tunywe yaishe."

Dada alitazama mikono yake iliyolala magotini, kisha akamtazama yeye.

"Kaombe kiwandani," alisema. "Mikono yangu bado haijatoka kazini."