Pini za Sanda

Bi Hamisa aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba mgeni wake hatafunuliwa wala kukatwa. Sasa, ndani ya chumba cha CT scan hospitalini Kibaha, kiapo kilikuwa kimemkaa kooni kama ugali mkavu.

Mgeni mwenyewe alikuwa mifupa. Ilikutwa shambani kwake Kisarawe, palipochimbwa shimo la choo. Naila, mtafiti wa chuo kikuu, alitazama vigae vya vyungu vilivyolala nayo akakadiria miaka mia saba. Akaipanga juu ya ubao na udongo wake ulioganda, na Bi Hamisa akaivika sanda papo hapo. Haikujulikana kama ni mwanamume au mwanamke, basi nani awe na ruhusa ya kumtazama? Ndipo wakakubaliana mashine imtazame akiwa ndani ya sanda, Naila apate kujua jinsia na umri wake.

Kaka yake Salehe, mchimba makaburi wa ukoo, alisema moja tu: "Wakimfunua, kaburi sichimbi. Utamzika chumbani kwako."

"Mama, picha imeharibika," alisema Mudathir, mtaalamu wa mashine. Kwenye kioo miale myeupe ilitapakaa kama jua juu ya bati jipya. "Ndani kuna chuma."

"Labda marehemu alikula misumari."

Hakuna aliyecheka. Ndipo Bi Hamisa alipokumbuka. Sanda hufungwa kwa vitambaa, lakini yeye, kwa kuogopa mashimo ya barabarani, alichomeka pia pini zake za mtandio kwenye tabaka la ndani.

"Ni zangu," alisema.

"Ngapi?"

"Nilichoma kila nilipoona panacheza. Nikae nihesabu?"

Naila akasogea. "Mama, tufunue dakika mbili tu. Picha ikishindikana, itabidi nikate jino nijue umri wake."

"Hukati, hufunui. Mudathir baba, toka nje. Wewe, shika kanga."

Wakafanya kama wakati wa kuosha maiti. Naila aliinyoosha kanga ikawa pazia, uso akaugeuzia ukutani. Bi Hamisa, aliyezika waume wawili na kuwachekesha watu kwenye hitma zote mbili, akafumba macho, akapitisha mkono chini ya sanda.

"Samahani, mwenzangu. Nakutoa pini, si nguo."

Zikatoka tisa. Mahali pake akafunga vipande alivyochana kwenye pindo la kanga.

Mudathir akaitwa arudi. Picha ya pili ilitoka safi, ikapenya udongo na kitambaa. Naila akaonyesha nyonga, ncha za mifupa ambazo hazijaunga, magego ya mwisho yakiwa bado ndani ya taya.

"Msichana. Kama miaka kumi na sita. Jino silihitaji tena."

Mudathir akainamisha macho.

"Tazama tu, baba, ndiyo kazi yako. Umeshamuona hadi ubongo ulipokaa." Kisha akaigeukia sanda. "Kumbe mtoto."

Angeweza kunyamazia habari ya pini. Akampigia Salehe, akamweleza yote.

"Kwa hiyo umemfunua?"

"Nimepitisha mkono. Macho nilifumba. Ni msichana, Salehe, mdogo kuliko binti yako Swaumu."

Kwenye simu, kule Kisarawe, jogoo aliwika, mtu akaburuta ndoo. Kisha Salehe akakohoa.

"Urefu gani?"

Bi Hamisa akamsogezea Naila simu, naye akasoma kwenye kioo. "Mita moja na nusu kasoro kidogo."

"Mita mimi sina," Salehe akasema. "Mpime kwa mkono."

Bi Hamisa akaibana simu begani, akasogea mezani, akaanza kupima shubiri kwa shubiri juu ya sanda, kuanzia kichwani.